Mawe ya Minjingu ni Chakula cha Mimea



Ukisafiri kutoka Arusha kwenda Babati, utafika Makuyuni. Hapo barabara ya kulia inakwenda Mto wa Mbu. Wewe usikate kulia. Endelea mbele mpaka Minjingu. Upande wa magharibi liko Ziwa Manyara. Karibu nawe utaona kilima na watu wakichimba mawe.

Zamani sana ziwa hilo lilikuwa kubwa kuliko leo. Kilima hicho kilikuwa kisiwa. Ndege wanaoitwa minandi walikaa hapo na kula samaki. Mavi yao na mifupa vilirundikana. Baada ya miaka mingi sana vikawa mwamba wa fosfeti.

Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1956. Uchimbaji ulianza mwaka 1983, na mawe yalipelekwa kiwanda cha mbolea cha Tanga. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1991. Machimbo yakakosa mnunuzi mkubwa. Lakini mwaka 2022 bei ya mbolea kutoka nje ilikuwa juu sana. Watu wengi wakaulizia tena mbolea ya Minjingu.

Je, fosfeti ina kazi gani? Hukuza mizizi na kusaidia mmea kuzaa mbegu. Mahindi machanga yakiikosa, hudumaa na majani yake huwa na rangi ya zambarau.

Lakini tahadhari, ndugu yangu. Mimi ni bwana shamba, na niliwahi kukosea. Katika kijiji kimoja chenye udongo wa magadi, niliwaambia wakulima watie unga wa mawe hayo. Mzee mmoja aliuza mbuzi wawili, akanunua mifuko. Mahindi yake hayakubadilika. Alinipeleka shambani, akafukua udongo, akasema, "Bwana Shamba, mawe yako bado ni mawe."

Alisema kweli. Unga wa mawe hayo huyeyuka vizuri katika udongo mchachu, yaani wenye tindikali. Katika udongo wa magadi hauyeyuki vizuri. Nami sikuwa nimepima udongo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, fanya hivi:

1. Chota udongo kidogo mahali mbalimbali shambani.
2. Uchanganye katika ndoo safi.
3. Mpelekee bwana shamba wako ili upimwe.

Ukiwa mchachu, mbolea ya Minjingu itakufaa. Usiache kutia na samadi, maana mmea hauli chakula cha aina moja tu.

Pima kwanza, nunua baadaye. Mbuzi wako watabaki zizini.