Fundi wa Barazani, Mtaa wa Sikukuu

Nyumba ile ya Mtaa wa Sikukuu imeshavunjwa. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi hapa Kariakoo: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, boriti za mikoko, bati lililoliwa na chumvi ya bahari. Sasa panachimbwa msingi wa ghorofa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amenibeba aliniona nimegeuza shingo, akauliza, “Mzee, hapo palikuwa na nini?” Nikamwambia palikuwa na fundi wa moto wa pikipiki. “Mafundi mbona wamejaa, Mzee wangu.”

Wamejaa kweli. Lakini Boxer yake ilikuwa inazima kila akikata kona ya kushoto, na alikuwa ameshabadilishiwa plagi, koili na CDI. Sasa ameambiwa anunue waya wote mpya. Nikamwambia asimame, aiache injini ikiunguruma, abonyeze honi asiachie, kisha azungushe usukani taratibu. Ulipofika mwisho wa kushoto, injini ilizima na honi ikanyamaza papo hapo. CDI haihusiki na honi. Vitu viwili vikifa pamoja, tatizo liko pale vinapochota umeme pamoja, na kinachojikunja usukani ukigeuka ni mafungu ya waya pale shingoni. Hakuna fundi hata mmoja aliyemgeuzia usukani.

Somo hilo nililipata kwenye baraza ya nyumba hiyo iliyovunjwa. Kumbukumbu yangu inasema ni mwaka 1977. Kadi ya Honda ya baba inasema 1979. Nimeiachia kadi. Soko jipya la Kariakoo, lile lililochorwa na Beda Amuli, lilishasimama, petroli ilikuwa ya foleni, na pikipiki zilizofika pale barazani zilikuwa Honda 50, Vespa, na Yamaha na Suzuki za mabwana shamba waliokuja mjini kufuata mishahara.

Aliyenifundisha tulimwita Fundi, basi. Mkewe ndiye pekee aliyemwita kwa jina. Alikaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea nguzo, na jirani yake barazani alikuwa fundi cherehani mwenye pasi ya mkaa. Harufu ya mahali pale ninayo mpaka leo: petroli, vanishi ya koili iliyopata joto, moshi wa jiko alilopashia chuma cha kulehemu, na kahawa ya muuza kahawa aliyepita alasiri akigonga vikombe vyake.

Pikipiki iliyokufa moja kwa moja haikumsumbua. Hiyo, alisema, inakungoja. Yenye kazi ni inayozima barabarani ikafika kwa fundi nzima kabisa. Kwa hiyo hakushika spana kabla ya kuuliza. Inazima ikiwa ya baridi au ikishachemka? Mvua ilinyesha? Ulikuwa kwenye mashimo au kwenye lami? Taa nazo zilikatika au injini peke yake? Ikiwaka tena, ni baada ya dakika moja au mpaka umalize kikombe cha chai? Mwenye pikipiki akijibu “sijui, inazima tu,” alirudishwa nyumbani akaiangalie vizuri.

Kisha aliiita ile hitilafu ije yenyewe. Kama ni ya masika, alitoboa kopo la Kimbo kwa msumari, akalijaza maji na kuyadondoshea kwanza kwenye kofia ya plagi, halafu kwenye waya mkubwa wa koili, halafu kwenye swichi, kila sehemu kwa zamu yake, sikio likiwa kwenye mlio wa injini. Waya wa koili ukiwa na ufa alingoja magharibi, akafunika taa. Katika giza ungeona cheche za buluu zikirukia chasisi. Kama ni ya joto, aliazima pasi ya jirani. Alifungua kondensa au koili, akailaza karibu na ile pasi mpaka ikafika joto la injini iliyotoka Magomeni, akairudisha na kupiga kiki. Koili ambayo asubuhi ilitoa moto mzuri wa buluu sasa ilitoa cheche nyembamba ya njano, au haikutoa kitu. Hapo mwenye pikipiki alijionea mwenyewe.

Jambo alilolirudia sana lilihusu pikipiki zinazojitegemea kwa sumaku bila betri. Kwenye hizo, swichi haipeleki umeme wa kuwasha. Inaupeleka arthi ili injini ife. Waya mmoja uliochunika ukigusa chuma unafanya kazi ile ile ya swichi. Basi aliuchomoa waya wa kuzimia, akakwambia ukazunguke nayo mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Isipozima, koili yako ni nzima, tatizo liko upande wa swichi. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na hakigharimu hata senti.

Na vidole vyake! Alipitisha waya kati ya kidole gumba na cha shahada, akiuvuta kidogo kidogo. Shaba ikiwa imekatika ndani, ganda linavutika mahali pale; shaba ikiwa nzima halivutiki. Akipafikia alipachana kwa wembe, na ndani ungekuta nyuzi zimegeuka unga wa kijani. Alilehemu, akafunika, akakukabidhi kipande kibovu uende nacho.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Ruksa ya Mzee Mwinyi ikaja na spea zikajaa Mtaa wa Msimbazi. Pikipiki za Kichina zikafuata, kisha Boxer na TVS. Kanuni za 2010 zikazitambua bodaboda. Msimbazi ikapasuliwa kwa ajili ya mabasi ya Mwendokasi. Soko likaungua Julai 2021. Fundi alishafariki muda mrefu kabla ya hayo yote.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi yake inahitajika zaidi sasa. Pikipiki inatoka dukani na waya safi, halafu inafungwa alamu, redio, chaja ya simu, taa za urembo na kifaa cha mkopeshaji cha kuifuatilia, kila kimoja kimemenyewa waya, kikasokotwa na kuzungushiwa tepu bila risasi. Mvua ya kwanza ya masika inaingia humo. Vijana wana mita za namba zinazouzwa mtaa mzima, kitu ambacho Fundi hakuwahi kuwa nacho. Kipimo chake kilikuwa balbu ya taa ya nyuma ya Vespa na waya mbili.

Wapo wanaojua. Eneo la Gerezani nimemkuta mmoja, hajafika miaka thelathini, anapima kwa utaratibu na anauliza maswali yale yale. Analalamika kwamba wateja hawamlipi. Dereva analipia CDI mpya bila kelele kwa sababu ameishika mkononi, lakini akiambiwa alipie saa mbili za kutafuta waya uliokatika anauliza umeweka nini, kisha anaondoka kwenda kwa fundi wa pili.