Mkunga wa Kuchoma

Mimi ni mmoja wa wale waliojiandikisha kusoma Kiswahili baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuamua, Julai 2022, kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima shuleni. Nyumbani kwetu hakuna aliyekijua. Kwa hiyo mwalimu alipotupa kazi ya kwenda mpakani kusikiliza jinsi watu wanavyokisema, nilifurahi na kuogopa pamoja. Mimi na mwenzangu Mkorea tulipangiwa Busia, lakini tulilala Tororo. Kila asubuhi tuliuacha mwamba wa Tororo nyuma yetu, tukabanana kwenye teksi mwendo wa kilomita 30 hivi, tukashuka katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya.

Siku ya tatu njaa ilitukuta upande wa Sofia, kwenye vichochoro ambako mtu hajui vizuri nchi moja imeishia wapi. Mwenzangu alikuwa akizungumzia mkunga tangu tulipotoka Tororo. Kwao, alisema, mkunga huchomwa juu ya makaa mbele ya mlaji, na kabla samaki hajaiva meza imeshajaa visahani: kimchi, tangawizi iliyokatwa nyembamba, vitunguu saumu, majani mabichi ya kufungia tonge. Visahani hivyo huitwa banchan, na kimoja kikiisha unaongezewa bila kulipa. Mimi sikuwa na la kuchangia. Mkunga niliyemjua ni yule anayezalisha wanawake.

Ndipo tukafika kwenye kibanda cha mabati chenye jiko la nusu pipa. Juu ya waya palikuwa na vipande vya samaki mrefu, mnene kama mkono wa mtu, ngozi nyeusi, mafuta yakidondokea makaa. Kichwa hakikuwepo. Ubaoni waliandika kwa chaki KAMONGO, neno ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mkunga!" mwenzangu akasema. Akamwinamia mama mwenye jiko kwa adabu yote ya kitabuni. "Shikamoo mama. Tunaomba mkunga wa kuchoma."

"Marahaba." Mama akamtazama vizuri. "Wakunga hatuwachomi hapa, binti. Mkunga amenizalisha watoto watano."

Waendesha boda waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. (Inasemwa kwamba hata neno lao, bodaboda, lilizaliwa mpakani huku, enzi za baiskeli za kuvusha watu.) Kamusi ya mwenzangu haikukosea. Mkunga ni samaki pia, mrefu kama nyoka, ila wale watu hawakuwa na haja naye.

Chakula kilikuja kwa vipande, kama alivyosimulia. Kwanza ugali wa wimbi na muhogo, mweusi na mzito, ambao Wateso huuita atap. Halafu kunde zilizopikwa kwa karanga za kusaga, mnavu wenye uchungu wake, kachumbari, nusu ya limau, na pilipili ndogo zilizopondwa na chumvi. Mwenzangu akahesabu visahani kwa kidole, akasema "banchan" kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani. Samaki akaletwa mwisho. Nilikula kipande kizima. Nyama yake ilikuwa imara, haivunjiki kama ya ngege, na moshi ulikuwa umeingia hadi ndani.

Nikakumbuka kazi ya mwalimu, nikatoa daftari. "Mama, samaki huyu anapatikana wapi?"

"Huyu ni wa matope. Maji yakikauka anajichimbia chini, anakaa humo miezi, anapumua hewa kama wewe. Huku kwetu wanamtoa Majanji, ziwani." Akageuza kipande kingine. "Nyinyi Waganda mnamwita mmamba."

Niliweka kalamu chini.

Katika Buganda mtoto hufundishwa kujitambulisha kabla hajajua kusoma: jina lake, baba yake, babu yake, ukoo wake. Wangu ni ukoo wa Mmamba, ule ambao mkuu wake, Gabunga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka. Mmamba ni muziro wetu, na muziro hauliwi. Wala si sisi tu, kwani zamani mwanamke yeyote wa Buganda hakula samaki huyo, kama ambavyo hakula kuku wala mayai. Kuku nimemla tangu utotoni na sijawahi kujiuliza. Lakini huyu ni wa jina letu. Darasani nilipojitambulisha kwa Kiswahili nilisema muziro wangu ni mamba, kwa kuwa ndivyo nilivyolisikia neno, na wote wakadhani ni yule mwenye meno. Mwalimu hata akanichorea ubaoni. Mwaka mzima nimekuwa mtu wa ukoo wa mamba bila kujua.

Nikamweleza mama. Hakucheka. Alichukua sahani yangu, akamwongezea mwenzangu vipande vilivyobaki, kisha akanijazia kunde upya na kuniletea ugali mwingine. "Kula mboga, mwanangu. Mboga hazina ukoo."

Mwenzangu naye alitaka kuacha kula. Nikamkataza. Yeye hana deni na samaki yule, na alikuwa amesubiri mkunga tangu Seoul. Kwa hiyo yeye alikula samaki, mimi nikala visahani, na visahani vilitosha. Zile kunde nimejaribu kuzipika mara tatu tangu wakati ule, hazijafanana. Tulipolipa, mama alikata bei ya samaki upande wangu, akaturudishia chenji nusu shilingi za Kenya na nusu za Uganda.

Usiku, Tororo, nilimpigia baba. Nilimsimulia yote kwa haraka, kuanzia mkunga hadi kipande nilichomeza. Kimya. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu, nikamsikia mama akiuliza kuna nini. Alipotulia akashusha sauti, ili mama asisikie.

"Alikuwa mtamu?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, simsikii.