Mstari wa Majivu

Mashindano ni mwalimu wa kale. Kwanza humfundisha mtu kutaka, kisha humfundisha kukosa, na mwisho humfundisha kukaa pamoja na yule aliyemnyima alichokitaka. Masomo mawili ya mwanzo kila mtu huyapata bila ya kwenda shule. La tatu ndilo gumu, na wengi hufa hawajalijua. Mimi nililiona likisomwa katika msimu mmoja wa kandanda, mwaka wa 2018, nilipokuwa nikifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari karibu na Garsen, katika kaunti ya Tana River. Sikuwa mchezaji, wala sikuwa mwalimu wa michezo. Kazi yangu ilikuwa kufuatana na timu na kutunza daftari lake: majina, mabao, nauli na hesabu ya viatu. Mwenye daftari huona mengi, kwa kuwa hakuna amtazamaye.

Yafaa kwanza msomaji aijue nchi yenyewe. Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hupata maji yake katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita katika nchi kavu, ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa hiyo mafuriko ya Garsen hayangoji mvua ya Garsen. Mbingu yaweza kuwa nyeupe juu ya vichwa vyetu, na mto ukavimba kwa mvua iliyonyesha mbali tusikokujua. Wapokomo hulima kando ya mto huo mpunga, mahindi, migomba na miembe, nao huotesha katika tope linaloachwa na maji yanaposhuka. Waorma hufuga ng'ombe katika nyanda zilizo nyuma ya mashamba. Kiangazi kinapokaza, ng'ombe hawana budi kufika mtoni, na njia wanazopitia kati ya mashamba huitwa malka. Mkulima asiye na shamba la mtoni hana shamba, na mfugaji asiye na malka hana ng'ombe. Hao wawili hawakuumbwa maadui, lakini wote wawili huutazama ukingo mmoja.

Mwaka wa 2012, kuanzia mwezi wa Agosti, ukingo huo ulimwagikiwa damu. Majina ya vijiji kama Riketa, Kilelengwani na Kipao yalisikika katika redio za dunia. Kabla ya mambo kutulia mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa, wakiwamo wanawake na watoto, na maelfu walikuwa wamezikimbia nyumba zao. Wako waliosema kuwa siasa ilichochea moto, kwa maana uchaguzi ulikuwa karibu, na wako waliotaja silaha na chuki za zamani. Yote yana sehemu yake. Lakini kuni zenyewe zilikuwa malisho, maji na mashamba, na swali la nani apite wapi.

Sasa fikiri, msomaji. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo alikuwa na kumi na saba katika msimu ninaousimulia. Katika daftari langu yalikuwamo majina 18. Mlinda lango alikuwa Mworma, nahodha vilevile Mworma, winga wa kushoto na beki wa kulia walikuwa Wapokomo, na mshambuliaji wetu hodari alikuwa Mgiriama. Timu hii haikuundwa ili kuhubiri amani. Iliundwa ili kushinda, na mwalimu wa michezo alichagua miguu, hakuchagua makabila. Mambo ya 2012 hayakuzungumzwa. Siku moja tu, katika kuandika anwani za nyumbani, nilimsikia beki akitaja kijiji, na mlinda lango akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nakijua." Basi, hawakuongeza neno.

Msimu wa kandanda za shule ulianguka katika muhula wa pili, yaani wakati wa masika. Mwaka ule masika yalikuja kwa nguvu, na mafuriko yaliwahamisha maelfu ya watu katika kaunti yetu. Kiwanja chetu kiligeuka ziwa. Milingoti ya goli ilionekana imesimama majini kama miguu ya korongo. Tukatafuta mahali pakavu, tukakapata katika uwanda ulioinuka mbele ya kijiji kimoja cha wafugaji. Mzee wa kijiji alitukubalia kwa sharti moja: tucheze mpaka ng'ombe warudipo, na warudipo tuondoke bila ya kungoja kuambiwa. Nahodha akakubali kwa niaba yetu sote, na sharti hilo halikuvunjwa hata siku moja. Mara nyingi nilimwona winga akiuacha mpira katikati ya shambulio alipoisikia kengele ya fahali wa mbele.

Katikati ya Mei mwezi wa Ramadhani ukaandama. Waliofunga walifanya mazoezi mepesi jua likiwa linashuka, na wasiofunga hawakunywa maji mbele ya wenzao. Hakuna mwalimu aliyewaagiza. Jambo hilo nililiandika katika daftari, ingawa halikuwa na safu yake.

Chokaa ya kuchorea uwanja hatukuwa nayo. Vijana walikusanya majivu katika meko ya kijiji, wakayamimina kwa kopo. Jioni moja mzee yule alikuja na fimbo yake, akasimama ukingoni mwa uwanja.

"Majivu haya ni ya nini?" akauliza.

"Ni mpaka, mzee," nahodha akajibu. "Mpira ukivuka hapa, si wetu tena, ni wa wenzetu."

"Nani aliyeuchora?"

"Sisi sote, kabla ya kuanza."

"Na kwa nini msingoje mpira utoke, ndipo mchore?"

Vijana wakacheka. Beki akasema, "Mzee, hapo kila mmoja angalichora upande unaomfaa, na mchezo ungalikuwa vita."

Mzee hakucheka. Alitazama upande wa mtoni, mahali mashamba yalipokuwa chini ya maji, kisha akasema polepole, "Basi ninyi mna akili kuliko baba zenu, nami ni mmoja wao." Akageuka, akaenda kuwapokea ng'ombe.

Tulishinda michezo ya kanda, tukashinda kaunti ndogo kwa taabu, bao moja kwa bila, na mwanzoni mwa Julai tukasafiri kwenda Hola, makao makuu ya kaunti. Kabla ya mchezo wa mwisho shule zote zilisimama zikaimba wimbo wa taifa. Huenda baadhi yenu hamjui kwamba sauti ya wimbo huo, ambao Kenya huuimba tangu ilipopata uhuru mwaka wa 1963, ilitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Niliwatazama vijana wetu wa Kiorma wakiimba kwa kifua kizima, nikawaza kuwa watu huweza kulelewa kwa sauti ya jirani hata kabla ya kulijua jina la jirani.

Mchezo ulikuwa mkali. Bao moja kwa moja tulikwenda mapumziko. Zikiwa zimesalia dakika chache, winga wa wapinzani alikimbilia mpira ukingoni kabisa, akaurudisha ndani, na mwenzake akaupiga kichwa ukaingia. Beki wetu alikuwa karibu, naye aliapa kuwa mpira ulikuwa umekwisha kutoka. Mshika kibendera hakuinua mkono. Mashabiki wetu walianza kupiga kelele, na wengine wakaushika ukingo wa uwanja. Hapo msimu wote ulining'inia kwa uzi. Nahodha alimwendea beki, akamshika bega, akasema maneno ambayo niliyasikia kwa kuwa nilikuwa karibu: "Ndugu yangu, mstari tuliukubali tulipokuwa hatujafungwa. Tukiukataa sasa, si mstari tena." Kisha akautwaa mpira wavuni kwa mikono yake, akauweka katikati ya uwanja. Mashabiki walipomwona, wakarudi nyuma. Tulishindwa, mawili kwa moja.

Garini hapakuwa na nyimbo. Beki aliketi dirishani, mlinda lango kando yake, na walifika Garsen wakiwa bado wamekaa pamoja.

Siku chache baadaye, tarehe 15 Julai, dunia nzima ilitazama mwisho wa Kombe la Dunia mjini Moscow, kati ya Ufaransa na Kroatia. Wakiwa moja kwa moja, mwamuzi alikimbilia kando ya uwanja, akatazama picha katika kioo, akarudi akawapa Wafaransa penalti kwa mpira ulioguswa na mkono. Wafaransa wakafunga, na mwisho wakashinda manne kwa mawili. Mitambo yote ya dunia ilikuwapo, na bado watu walibishana, na wanabishana mpaka leo. Vijana wetu nao walibishana usiku ule bwenini, kisha beki akasema, "Hata wao!" na kwa mara ya kwanza tangu Hola nikamwona akicheka.

Msidhani nasema kuwa kandanda huponya mauaji. Mchezo hauwezi kumrudisha aliyekufa, wala hauwezi kumpa mkulima shamba au ng'ombe maji. Tena hasara ya bao si hasara ya mazao ya mwaka, na haifai kuzilinganisha. Nasema jambo dogo zaidi. Ubishi haukosekani mahali watu wawili wanapotaka kitu kimoja, na haki haiwi kamili siku zote. Lakini mpaka unaowekwa mapema, wakati wote wameshiba na hakuna aliyefungwa, waweza kubeba uzito ambao mpaka unaochorwa siku ya ugomvi hauwezi kuubeba. Malka zilizokubaliwa wakati wa mvua ni njia. Malka zinazotafutwa wakati wa kiangazi, shamba likiwa limekwisha kupandwa, ni shauri la mapanga.

Mwezi wa Agosti maji yalikuwa yameshuka. Kiwanja chetu kilionekana tena, kimepasuka kwa jua, na kando ya mto wakulima walikuwa wakipanda katika udongo uliolowa. Wafugaji walikuwa bado mbali, kwa kuwa majani yalikuwako nyikani. Huo ndio wakati ambao wazee hukaa chini ya mwembe wakaulizana ng'ombe watapita wapi kiangazi kijapo. Na ninyi msomao kurasa hizi, baadhi yenu mtaketi katika baraza hizo kabla ya miaka mingi. Mkiitwa, nendeni wakati maji yakiwa mengi.