Kati ya Nzima na Iliyozima

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili nilizoea kuwatahadharisha wanafunzi juu ya maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Mfano nilioupenda ni "nzima" na "kuzima". Pikipiki nzima ni ile isiyo na kasoro. Pikipiki iliyozima ni ile isiyotoa sauti tena. Sikujua kwamba mfano huo ungenirudia nikiwa na umri wa miaka 66, nimesimama uani kwa mjane wa rafiki yangu hapa Muheza.

Marehemu nilisoma naye Chuo cha Ualimu Korogwe, kisha tukafundisha shule moja kwa miaka 17. Yeye alikuwa mwalimu wa Hisabati. Mashairi hakuyapenda, lakini kila nilipotunga alinihesabia mizani kwa vidole, na akipata 17 badala ya 16 alifurahi kama aliyekamata mwizi. Pikipiki yake, Honda CG 125, ilitubeba misibani, harusini na kwenye usahihishaji wa mitihani. Yeye alishika usukani, mimi nilishika mafaili.

Mjane wake aliniambia, "Shemeji, naiuza. Afadhali uichukue wewe kuliko mtu nisiyemjua. Nataka shilingi 1,200,000."

Nilikuwa na sababu ya kuitaka. Shamba langu la michungwa liko kilomita 11 kutoka nyumbani, na kiinua mgongo kilikwisha kuishia kwenye bati na saruji. Pikipiki mpya ingenigharimu zaidi ya milioni mbili na nusu. Nikazigeukia methali, kama ilivyo desturi ya mwalimu wa lugha. Moja ikasema ya kale ni dhahabu. Nyingine ikanikumbusha kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Zote mbili zilikuwa upande wa muuzaji! Nikaona heri nimwite fundi.

Fundi ni kijana niliyemfundisha kidato cha pili. Alipiga kiki mara tisa ndipo injini ikawaka, na moshi wa buluu ukafunika mgomba. Akafungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi ukatoka hapo pia, kwa mikupuo.

"Inapumua, mwalimu," akasema kwa huzuni.

Nilitabasamu. Kwetu sisi, anayepumua ndiye mzima. Kwa fundi, injini inayopumua ni mgonjwa: ringi zimelika, mgandamizo unavuja kupita kando ya pistoni, na oili inapanda kuungua pamoja na petroli. Aliniandikia orodha: bloku, pistoni na ringi 260,000, matairi na tyubu 150,000, shokapu za nyuma 90,000, cheni na sproketi 60,000, ufundi 80,000. Jumla 640,000. Akaongeza kwamba injini ya aina hii, yenye muundo wa miaka ya 1970, ni rahisi kutengeneza na spea zake si adimu. "Ukiitengeneza itakuzika," akasema, kisha akajishika mdomo.

Sasa nilikuwa na mtihani ambao haukuwa wa fedha tu. Nikitoa bei yote na kunyamaza kuhusu orodha, ningempa mjane sadaka asiyoiomba. Nikiitumia orodha kumkatia bei, ningekuwa nachuna ngozi ya msiba. Tena kadi ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Mali ya marehemu haiuzwi kwa undugu. Sharti mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, naye ndiye mwenye mamlaka ya kuiuza. Familia ilikuwa imekwisha kukaa kikao, lakini shauri lilikuwa halijafunguliwa Mahakama ya Mwanzo.

Usiku nilifanya hesabu ambayo marehemu angeifanya siku ya kwanza. Bei na matengenezo ni 1,840,000. Bodaboda hadi shambani ni 8,000 kwenda na kurudi. Kwa safari mbili kila wiki ni 16,000. Fedha hizo zingenibeba wiki 115, yaani zaidi ya miaka miwili, bila ya mimi kununua hata lita moja ya petroli. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa. Nilipogundua kwamba natafuta kosa, nilijua kuwa sikuwa nikitafuta usafiri.

Asubuhi nilimpelekea shemeji ile orodha. Aliisoma yote kwa miwani ya marehemu, kisha akaniuliza, "Na goti lako, shemeji? Kiki hiyo utaipiga wewe kila asubuhi?"

Fundi alikuwa amepima kila kitu isipokuwa mpandaji. Pikipiki ilikuwa imezima, lakini yaweza kuwa nzima tena. Mimi sijazima, lakini goti la kulia si zima.

Nilimweleza ukweli. Sikuinunua. Tulikubaliana kwamba afungue kwanza shauri la mirathi, nami nimsindikize; kisha nimkopeshe fedha za ringi na bloku ili aiuze ikiwa inawaka kwa kiki moja, kwa bei isiyomwonea yeye wala mnunuzi. Alikubali, akasisitiza tuandikiane. Mke wa mwalimu wa Hisabati!

Niliwahi kuwafundisha wanafunzi kwamba jina "pikipiki" ni tanakali ya sauti. Nilikuwa nikilisema darasani bila kuwaza. Sasa naamini kwamba nilichotaka kukinunua ni ile sauti ikisimama mlangoni kwangu saa kumi na moja jioni, na mtu akiniita nje. Usiku ule nikaandika ubeti huu:

Chuma hata kikizima, fundi hukiwasha tena,
Mja roho ikihama, mwenye kuiwasha hana,
Kumbe haja si ya chuma, ni rafiki wa ujana,
Pikipiki nimeacha, kumbukumbu nabakiza.

Mizani ni 16 kila mshororo. Safari hii nimezihesabu peke yangu.