Mungu Hatetewi kwa Uongo

Namshukuru Mungu kwa aliyonitendea mimi na nyumba yangu, na namshukuru pia kwa mchungaji aliyenifundisha namna ya kuyasimulia. Ushuhuda wangu ni wa ugonjwa wa mwanangu, na wa watumishi wa Mungu niliokutana nao katika safari hiyo.

Mwanangu wa kwanza ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuwa hajatimiza mwaka alipoamka asubuhi moja viganja na nyayo zimevimba, ngozi imetuna inang'aa, ukimgusa kidole analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe alisema ni jicho la watu. Jirani akasema ni baridi. Hospitalini, hapa Dodoma, walimpima damu, kisha daktari akatuketisha mimi na mume wangu na kutuchorea kwenye karatasi: baba amebeba kinasaba kimoja, mama amebeba kimoja, mtoto amerithi vyote viwili. Sisi wenyewe hatuumwi, ndiyo maana hatukujua. Kila mimba yetu ina uwezekano wa moja kati ya nne kuleta mtoto mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo kwenye benchi la kliniki hatukuwa peke yetu.

Mzazi aliyelea mtoto wa namna hii hahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na zinapokwama ndipo maumivu yanapoanza. Kwetu miezi migumu ni Juni na Julai, upepo wa baridi wa Dodoma unapovuma usiku kucha. Unamkanda mtoto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, unamnywesha maji kikombe baada ya kikombe, unampa dawa ya maumivu, na katikati ya hayo yote unamtazama macho kama yameanza kuwa ya njano, unampapasa ubavu wa kushoto kama bandama imevimba. Ikivimba ghafla, hakuna kusubiri kuche.

Tukiwa katika uchovu huo, ndugu wakatushauri twende kwa nabii mmoja aliyekuwa na mkutano mjini. Tulikwenda. Zamu yetu ilipofika, hakuuliza mtoto anaumwa nini. Alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba damu ya mtoto inanyonywa na madhabahu ya ukoo wa mama yake, na kwamba mimi ndiye niliyeingiza agano hilo ndani ya nyumba. Akataja sadaka ya kufunguliwa na bei ya maji ya upako. Kisha akaniambia niweke dawa za mtoto kwenye kikapu kilichokuwa miguuni pake, iwe ishara ya imani. Nilitazama ndani ya kile kikapu. Kulikuwa na pakiti za vidonge, kadi za kliniki za watu, na chupa ya dawa ya maji ya mtoto iliyokuwa imetumika nusu. Mpaka leo namwombea mtoto aliyekuwa akinywa ile dawa.

Za mwanangu zilikuwa kwenye mkoba. Nikamwambia, "Baba, dawa siachi." Akaugeukia umati na kuwaambia watu wanitazame, wamwone mama anayemzuia Mungu.

Maneno yale yalitufuata hadi nyumbani. Kwa baadhi ya ndugu nikawa mchawi wa mwanangu mwenyewe, na kuna waliokataa hata maji ya kunywa kwangu. Mume wangu alisimama nami. Aliwaambia ndugu zake, baba yake akiwa amekaa pale, kwamba nusu ya ugonjwa wa mtoto imetoka kwake yeye. Hilo lilinipa nguvu, lakini kuomba kukawa kugumu. Kila nikipiga magoti, nilikuwa nasikia kile kipaza sauti. Mtumishi akilitumia jina la Mungu kumjeruhi mtu, aliyejeruhiwa anashindwa kujua ni nani hasa aliyemkataa, mtumishi au Mungu mwenyewe.

Mwaka uliofuata mtoto alizidiwa. Damu ilishuka sana, akahitaji kuongezewa, na wodini wakatuomba tutafute wachangiaji. Waliokuja ni vijana wa kwaya wa kanisa dogo la Kianglikana la mtaani kwetu pamoja na mchungaji wao, mzee tuliyekuwa tukisalimiana naye tu njiani. Alikunja mkono wa shati, akalala kwenye kitanda cha wachangiaji, akatoa damu kama wengine. Alipomaliza kunywa soda yake alikuja wodini, akauliza mtoto anaitwa nani, daktari amesemaje, na dawa gani zimekosekana. Baada ya hapo ndipo akaomba, sala fupi ya sauti ya chini, maana kitanda cha pili kulikuwa na mtoto amelala. Tuliporudi nyumbani nilimpelekea bahasha ya shukrani. Hakuipokea. Alisema, "Mama, siku ukipenda kumtolea Mungu, kikapu kipo kanisani. Mimi usinilipe kwa kazi yake."

Taratibu nikaanza kuomba tena. Mtoto naye akaanzishiwa dawa ya haidroksiyurea, na tukaona tofauti. Maumivu yalipungua, kulazwa kukapungua, akaanza shule. Wazee wa kanisa wakapendekeza nitoe ushuhuda Jumapili ya mavuno, na mmoja wao akashauri itangazwe kwamba mtoto amepona kabisa, ili watu wajengeke imani. Mchungaji akatuita ofisini.

"Mama, mtoto amepona selimundu?"

"Hapana, Baba Mchungaji. Ila haumwi kama zamani."

"Basi tutasema hivyo hivyo."

Mzee yule akasema ushuhuda wa namna hiyo hautakuwa na nguvu. Mchungaji akafungua kitabu cha Ayubu, sura ya 13, pale Ayubu anapowauliza rafiki zake kama watamtetea Mungu kwa kusema uongo. Akasema, "Mungu hatetewi kwa uongo. Kesho mama mwingine mwenye mtoto kama huyu atasikia kwamba huyu amepona, ataacha dawa, na mtoto atakufa kwa neno lililotoka kwenye madhabahu niliyokabidhiwa mimi. Nitajibu nini?"

Basi nikasimama, nikasema kweli: mwanangu anaishi na selimundu, anakunywa dawa kila siku, na Mungu ametushika mkono. Ibada ilipokwisha, mama mmoja alinifuata nje akiwa amebeba mtoto mgongoni. Alimshusha, akanionyesha vidole vilivyovimba. Alikuwa amempaka mafuta ya upako wiki nzima. Tuliongozana naye kwenda kupima. Kwangu huo ndio ushuhuda wenye nguvu.

Tangu hapo nimesoma Maandiko kwa jicho jingine. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliomletea Mungu wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, ambao wasingethubutu kumpelekea liwali wao. Wana wa Eli waliwanyang'anya watu nyama kabla sadaka haijatolewa, na Biblia inasema dhambi yao ilikuwa kubwa mno kwa sababu sadaka ya Bwana ilidharauliwa. Aliyepewa kuongoza wengine ana hesabu nzito, kwa kuwa akiuharibu uso wa Mungu mbele ya watu, hawana mahali pengine pa kuuona kwa urahisi.

Haya si ya zamani tu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Hawakukosa imani hata kidogo. Walikosa kiongozi anayemcha Mungu.

Ila Mungu hajawahi kutuacha bila mashahidi. Kila Februari mchungaji wetu humkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, mwalimu wa shule aliyeokoka mwaka 1948 katika ule uamsho wa Afrika Mashariki uliowafundisha watu kuungama na kutembea nuruni. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua kupinga mauaji. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Angenyamaza, pengine angezeeka na kiti chake. Aliona heshima ya Mungu ni kubwa kuliko kiti.

Wachungaji, mapadre, manabii, mitume, wainjilisti, nawaomba kama mama. Mkituombea, kwanza tuulizeni tunaumwa nini. Msitunyang'anye dawa. Msimtangazie mtu uponyaji ambao daktari hajauona. Sadaka zihesabiwe mbele ya watu, zitumike mlivyosema. Mkikosa jibu, semeni hamjui, kisha kaeni nasi tulie pamoja. Hatutawadharau kwa hilo. Nasi waumini tuache kuwalazimisha watumishi wetu watupe miujiza kila Jumapili, maana wengine tumewafundisha sisi kudanganya.

Mwanangu sasa yuko darasa la tano. Msimu wa baridi bado anakosa shule siku kadhaa, na kliniki tunakwenda kila tunapopangiwa. Akiniuliza kama Mungu atamponya, namjibu kwamba Mungu anaweza, na kwamba leo amempa dawa, madaktari, baba anayempenda na kanisa linalomwambia ukweli.