Kafi Mlimani Pugu

Nahodha aliposhuka kwenye daladala pale Pugu Kajiungeni, kafi begani na helmeti ikining'inia kwenye begi, kijiwe kizima cha bodaboda kilinyamaza. Kijana mmoja akamuuliza kwa adabu zote, "Kaka, bahari si mmeiacha huko mlikotoka?"

Nahodha si jina lake. Tulimbatiza aliporudi kutoka Jinja, Uganda, alikojifunza kupanda kayaki kwenye Mto Nile: ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, unaingiza miguu ndani, mkondo ukikupindua unajipindua tena kwa kafi kabla pumzi haijaisha. Maporomoko ya Itanda anayasimulia kama wengine wanavyosimulia harusi zao. Ya Bujagali anayasimulia kama msiba, maana bwawa la umeme liliyameza kabla yeye hajafika. Sasa sisi tukafanya kosa la kumwambia kwamba Mto Msimbazi chimbuko lake ni huku, milima ya Pugu na Kisarawe. Alisikia neno moja tu: milima. Mto wa mlimani una kasi, akasema, na kesho yake akaja na kafi.

Milima yenyewe haifiki mbali, mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Moshi angecheka. Lakini sisi wa Magomeni, tuliozoea nchi iliyolala kama mkeka, tuliona tofauti mara tu tulipoipita Gongo la Mboto. Joto la mjini linabaki nyuma, upepo unakuja na harufu ya majani mabichi, na unajikuta unavuta pumzi kana kwamba umelipia.

Tuliingia msituni saa mbili asubuhi. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya ile misitu ya Pwani iliyokuwa imetanda ukanda huu, na kuna mti humu ambao wataalamu waliupa jina la kisayansi *Millettia puguensis*, yaani jina la Pugu limo vitabuni hata kwa watu ambao hawajawahi kupanda daladala yake. Kuna ndege pia wanaowaleta watazamaji kutoka ng'ambo, darubini shingoni. Sisi tuliwasikia, hatukuwaona. Tulikuwa na kelele mno.

Chini ya bonde tukaukuta mto. Niseme ukweli: niliupita kwa hatua moja. Maji maangavu, kina cha kifundo cha mguu, yanateleza juu ya mchanga na mizizi bila haraka yoyote. Nahodha alisimama akayatazama, akazamisha kafi, likagusa chini kabla halijalowa hata nusu. Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka alipocheka mwenyewe.

Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine. Mto huu ninaujua tangu utoto, kwa sura yake ya mwisho: mweusi, umebeba chupa na harufu ya kila mtaa uliopitia, Vingunguti mpaka Jangwani, kabla haujaingia baharini pale Daraja la Salenda. Desemba 2011 ulifurika ukaua watu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ikikolea tu, barabara ya Jangwani inafungwa na mji unakatika vipande viwili. Na hapa ndio huu, nimeinama nanawa nao uso.

"Maji meupe" aliyokuwa akiyatafuta Nahodha, yale yanayotoa povu kwenye miamba, tuliyapata kwa namna ya Pugu. Karibu na machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, madimbwi yalikuwa meupe kama tui. Akachovya kafi humo pia, kwa kutimiza ahadi. Mapango yaliyochimbwa huko sasa ni makazi ya popo, na harufu yake inakupokea kabla giza halijakupokea. Hatukukaa.

Njiani kwenda Bwawa la Minaki tulimkuta mzee amekaa chini ya mkorosho. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu." Akalikagua lile kafi juu mpaka chini. "Mkimaliza kutembea nalo, niachieni. Mwiko wangu wa kusongea ugali wa shughuli umevunjika." Kisha akatuelekeza bwawani, akitukanya kwamba njia ya kushoto ina siafu. Tulipita ya kushoto. Ina siafu.

Bwawa la Minaki limetulia katikati ya kijani kama kioo kilichosahauliwa. Tulilala ukingoni, tukala mihogo ya kuchoma na pilipili, na Nahodha akatupa somo la kujipindua akiwa amekaa mchangani bila mtumbwi. Mwenzetu mwalimu akakumbusha kwamba Pugu wameshapita walimu wakubwa kuliko yeye: Nyerere alifundisha huko, Chuo cha Mtakatifu Francis, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya chama cha TANU. Ile iliyokuwa Barabara ya Pugu, tuliyojia asubuhi, sasa ina jina lake. Na bwawa la umeme la Rufiji, megawati 2,115, lina jina lake pia. "Lile nalo limemeza maporomoko," Nahodha akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anatania.

Tuliteremka jua likiwa chekundu, miguu imechoka. Tulipofika Gerezani mjini, tukapanda basi la mwendokasi kurudi Magomeni. Basi lilipofika Jangwani nilichungulia dirishani, nikauona Msimbazi chini, mpana, mzito, haujui kama asubuhi tulinawa nao. Nahodha naye alikuwa anautazama, kafi limesimama katikati ya magoti yake.

Mama aliyekaa mkabala alilitazama muda mrefu, uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu, hicho nini?"

"Mwiko, mama," akajibu. "Nampelekea babu yangu Pugu, leo nimesahau kumwachia."