Mashini hii inamtii nani?



Mara nyingi nasikia wenzangu wanabishana juu ya ordinateri. Mmoja anasema Windows ndiyo bora, mwingine anasifu zile za Apple. Wanahesabu memori, wanahesabu bei, wanatazama rangi. Mimi naona kuna ulizo moja ambalo halisikiki katika mabishano hayo, na kwangu ndilo la kwanza: mashini hii inamtii nani? Inakutii wewe uliyeilipa, ao kampuni iliyoandika programu yake?

Kwanza tueleze neno. Ndani ya kila ordinateri kuna programu moja kubwa inayoamka mbele ya zingine. Vitabu vinaiita mfumo wa uendeshaji. Mimi nitaifananisha na kapita wa kazi. Kapita ndiye anayegawa majembe, anamwita huyu, anamzuia yule. Programu ya kuandika ikitaka kuchapa karatasi, inapita kwa kapita. Flashi ikiingia, kapita ndiye anayeipokea. Shamba linaweza kuwa lako, lakini kama kapita anapokea amri kutoka mahali pengine, haulitawali kabisa.

Kwetu nyumbani jambo hili halikubaki maneno ya kitabu. Yaya yangu anapiga mashini kazi za wanafunzi wa chuo kikuu, kiisha anawachapia. Pesa hiyo ndiyo inalipa masomo yangu na ya wadogo wawili. Mashini yake ilinunuliwa ya mitumba kutoka Ulaya, na kapita wake alikuwa Windows 10. Siku moja maneno yakatokea kwenye kioo kwamba matengenezo ya Windows 10 yataisha tarehe 14 Oktoba 2025, tena kwamba mashini hii haiwezi kupokea Windows 11. Yaya akamwendea Papa.

Papa akauliza: «Mashini imeharibika?»

«Hapana, Papa, iko muzima.»

«Sasa juu ya nini tununue ingine?»

Ulizo la Papa linapita mabishano yetu yote ya hapa masomoni. Jibu lake ni hili. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Inaomba memori ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, kipande kinachoitwa TPM 2.0 kinacholinda funguo za siri, na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni. Mashini nyingi zilizotengenezwa mbele ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo, hata kama zina nguvu ya kutosha.

Mashini haifi siku ya tarehe ile. Asubuhi inaamka kama kawaida. Lakini matundu mapya ambayo wezi wanayagundua hayazibwi tena, na flashi za wateja zinaleta virusi kila siku. Kampuni ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu binafsi, kwa masharti yake. Ilikuwa hivyo mbeleni pia: Windows XP ilitoka 2001, matengenezo yake yakaisha tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka 2009, ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Apple nayo inaacha nyuma mashini zake za zamani wakati matoleo mapya yanapotoka. Siwalaumu kwa kuchoka kutengeneza kitu cha zamani, kila fundi anachoka. Nasema tu kwamba siku ya kuistaafisha mashini ya yaya haikupangwa nyumbani kwetu.

Iko njia ingine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, katika inchi ya Finland, jina lake Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alianza kuandika kiini cha mfumo wake mwenyewe. Akakitoa hadharani, na watu wa inchi nyingi wakakuja kumsaidia. Ndicho Linux. Tangu 1992 kinatolewa kwa ruhusa inayoitwa GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman wa Marekani. Kwa ruhusa hiyo kila mtu anaweza kukitumia, kukisoma, kukibadili na kumgawia mwenzake. Anayegawa alichobadili anapashwa kuwapa wengine uhuru ule ule. Wanaodhani Linux ni ya wataalamu tu, watazame simu zao: Android imejengwa juu ya kiini hicho. Tena mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo mzima unaotumia Linux. Neno hilo la Kizulu ni ndugu ya neno letu utu.

Wamoja watanijibu: «Juu ya nini kuhangaika? Kwa bei ya soda unapata Windows ya kunakili.» Kwanza, huo ni wizi, na amri tunaijua wote. Pili, nakala iliyovunjwa kufuli imepita katika mikono ya watu usiowajua, na pengine wameficha ndani kapita wao wenyewe.

Wengine watasema Linux ni ngumu, na kuna ukweli ndani. Mashini zingine za kuchapa hazisikilizani nayo. Programu fulani za picha na za hesabu ya biashara hazina toleo lake. Kazi iliyoandikwa katika Word, ukiifungua katika LibreOffice, pengine meza za hesabu zinahama na kurasa zinaongezeka. Kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo yaya alienda pole pole. Aliweka Linux Mint kwenye flashi, akaamsha mashini kutoka flashi hiyo bila kugusa diski, akajaribu juma moja. Alijaribu kuandika, kuchapa, kufungua kazi za wateja. Kisha akanakili kazi zote mahali pawili, ndipo akaiweka kwenye diski. Mashini ya kuchapa ilimsumbua siku mbili, kiisha ikakubali. Sasa mteja anatazama kurasa zake kwenye kioo kwanza, akikubali zinafungwa katika PDF, na hazihami tena. Mashini ingali inafanya kazi, na mbuzi wawili ambao Papa alifikiri kuwauza wako bado.

Ulizo lile lile linafaa kwa vitabu na nyimbo za siku hizi. Mnamo Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya mashini za kusomea za watu waliokuwa wamevinunua, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zikarudishwa, lakini vitabu vilitoka mikononi mwa wasomaji bila mtu kuomba ruhusa. Mnamo Julai 2019 Microsoft nayo ilifunga vitabu vya duka lake, ikarudisha pesa. Kitabu cha karatasi hakiondoki usiku namna hiyo. Lakini si kila kitu cha ordinateri kiko hivyo. Programu inayoitwa Kiwix inakuruhusu kubeba Wikipedia ndani ya flashi na kuisoma bila kununua mega hata moja. Tena ni halali kumnakilia mwenzako.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi Wakongomani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu inachimbwa katika inchi yetu, sehemu kubwa upande wa Kolwezi, na nyingi inaingia katika batri. Tunajua jasho la wanaoichimba. Mashini iliyo nzima ikitupwa juu ya tarehe tu, jasho lao pia linatupwa.

Sisemi kila mtu aache Windows kesho. Mwenye mashini mpya na kazi inayoomba Windows, abaki nayo kwa haki. Lakini mbele ya kununua, tuulize mambo matatu. La kwanza: matengenezo ya mfumo huu yataisha mwaka gani? La pili: maandishi yangu, programu ingine inaweza kuyafungua? La tatu: naweza kuweka nakala mahali pawili bila kumwomba mtu ruhusa? Muuzaji akishindwa kujibu, usifungue mfuko upesi. Na aliye na mashini ya zamani nyumbani, asiitupe mbele ya kujaribu kuibadilishia kapita.

Asiyekubali maneno yangu aandike jibu katika gazeti letu linalofuata. Nitalisoma kwa furaha.



Mwanafunzi wa mwaka wa tano